Mlingoti Juu ya Pichi

Kabla hamjaniuliza tena, jibu ni hili: pichi haifi yenyewe. Pichi huuawa, na muuaji mara nyingi ni mtu mwenye nia nzuri na viatu vibaya.

Nawaandikia nyinyi vijana wa klabu, wa Norsborg, wa Hagsätra na wa huku kwetu Hallonbergen, mitaa yote hii ya Stockholm, kwa sababu kusema nanyi nimeshindwa. Nikianza sentensi kwa Kiswahili mnanimalizia kwa Kiswidi, tena mnamaliza vibaya. Juzi mmejazana kwenye benchi mnatazama mechi ya Testi kwenye simu ya Junior. Mmetazama kwa muda wa kula andazi moja la mdalasini. Mpira ukatambaa chini ya gongo la mpigaji, ukaangusha vijiti, na Junior, ambaye hajawahi kushika reki maishani mwake, akatoa hukumu: "Pichi mbovu hiyo, Babu. Si wangeweka tu zulia kama letu la zamani?"

Zulia! Kahawa ilinipalia. Mkanipigapiga mgongo mkiniambia, "Lugn, Babu, lugn." Mimi na utulivu tuliachana siku nilipoanza kazi ya uwanja.

Haya. Na kama kuna mgeni ameiokota karatasi hii kwenye kiti cha treni, nimweleze kwanza. Pichi ni ule ukanda mwembamba wa udongo ulioshindiliwa katikati ya uwanja wa kriketi, wenye vijiti vitatu kila mwisho. Mrushaji anarusha mpira, unadunda kwenye ule ukanda, unamfikia mpigaji. Mpigaji ana gongo, na kazi yake ni kuulinda uhai wa vijiti, maana vikiangushwa anatoka, na kujipatia mikimbio, ambayo ndiyo pointi. Yaliyobaki ni chai na mabishano.

Sasa Testi, ile mechi ya nchi kwa nchi, inachezwa siku tano juu ya ukanda uleule. Siku tano, Junior! Nyumba yako hukai nayo siku tano bila kumwaga kitu. Siku ya kwanza udongo bado una unyevu tumboni na nyasi kidogo usoni. Mpira wa kasi ukigonga pale unashika, unachepuka bila kuaga, na wapigaji wanamkumbuka Mungu. Siku ya pili na ya tatu jua limekausha, pichi imelala kama meza, na sasa warushaji ndio wanaosali. Siku ya nne nyufa zinafunguka, viatu vya warushaji vimeshachimba pale wanapotua, na yule mrushaji wa spini, anayeuzungusha mpira kwa vidole badala ya kukimbia kama ameporwa, anaanza kutabasamu. Siku ya tano mpira mmoja unapanda kifuani, unaofuata unatambaa kama panya.

Ule mlioutazama ulikuwa wa siku ya tano. Hiyo haikuwa pichi mbovu. Ilikuwa pichi iliyozeeka kama ilivyopangwa kuzeeka. Ndiyo maana nahodha akishinda sarafu huwa anakuna kichwa. Haulizi "tupige au turushe" tu. Anauliza nani atakayepiga mwisho, juu ya udongo uliochoka.

Haya yote nilifundishwa Nairobi na Fundi Mutua, mkuu wetu wa uwanja, mtu mfupi aliyevaa koti la mvua hata Januari. Hakuwa na kipimo cha unyevu. Alikuwa na ufunguo wa nyumba yake. Anainama, anauchomeka kwenye pichi. "Ukiingia kama kwenye siagi," anasema, "ondoka, hata rola usiitazame. Ukiingia kwa kinyongo ukatoka safi, lete rola. Ukikataa kuingia, umechelewa. Nenda kanisani."

Watu wengi wanadhani rola, lile pipa zito la chuma la kushindilia, ni nguvu. Rola ni saa. Ukiivuta juu ya udongo mbichi unatengeneza ganda juu na uji chini, na siku ya pili ganda linavunjika kama kaukau za viazi. Ukiivuta juu ya udongo uliokauka unatembeza chuma tu, unajipatia mazoezi. Kuna kipindi kimoja kati ya hayo mawili, hakingoji mtu, na kwa kawaida huangukia saa ya chakula. Chakula cha moto kazini nilikuwa nakiona cha wengine.

Mafundisho mengine ya Fundi Mutua yalihusu mdomo. Mechi za kimataifa zikikaribia, manahodha walikuwa wanakuja kwetu mmoja mmoja, kila mmoja akijifanya anapunga upepo. Mmoja anataka nyasi zinyolewe kabisa, kwa kuwa ana watu wa spini. Mwenzake anataka ziachwe, kwa kuwa ana watu wa kasi. Fundi Mutua anawajibu wote wawili neno lilelile, "Nimesikia," na wote wawili wanaondoka wakishukuru. Hakuna aliyeng'amua kwamba kusikia si kukubali. Na mechi ikishaanza, alikuwa anafunga mdomo. Alisema ukishaikabidhi pichi, wewe ni mtazamaji mwenye matope tu. Kama una la kuwaambia, waambie manahodha wote wawili, pamoja, kabla sarafu haijarushwa. Baada ya hapo kunywa chai.

Nikaja Stockholm. Miaka yote ya kazi hapa nilikuwa nakata nyasi za kommun, yaani manispaa: viwanja vya mpira wa miguu, bustani, makaburi. Kriketi ilikuwa inachezwa juu ya zulia la plastiki lililotandikwa kwenye zege. Nasema bila chuki: zulia ni kitu kizuri, sebuleni. Zulia halijui Ijumaa wala Jumapili. Mpira unadunda asubuhi vile utakavyodunda jioni, na mtu aliyejifunza kwenye zulia amejifunza kulipiga zulia.

Nilipostaafu, klabu ikaniomba nisaidie, nami nikaenda kwa Annika, afisa wa viwanja wa kommun. Nilimwomba kanda tatu za udongo kwenye ule uwanja wetu wa mwisho wa laini nyekundu ya treni, ng'ambo ya Norsborg. Nilijua nitapewa mmoja. Nikapewa mmoja, nikanuna vya kutosha, nikatoka nje nikacheka peke yangu kwenye ngazi. Udongo tukautoa kwenye mashamba ya Uppland, wa kijivu, mzito, unaoshika kiatu na kukataa kukiachia. Fundi Mutua angeupenda.

Lakini Annika naye si wa jana. Akaweka sharti. "Kiangazi kimoja," akasema. "Mkicheza hapa mechi ya kweli ya siku kadhaa, ikafika mwisho wake bila waamuzi kuisimamisha, udongo unabaki. Wakisema ni hatari, vuli tunamwaga zege na kutandika zulia. Siwezi kutunza kitu ambacho mtu mmoja tu ndiye anayekielewa."

Mechi yenyewe ikapatikana. Timu yetu ya taifa ya wanawake dhidi ya timu ya nchi jirani, siku tatu, nguo nyeupe, mpira mwekundu, kwa mtindo wa Testi. Si Testi, najua, Junior, usininyooshee kidole. Lakini siku tatu za Stockholm mwezi wa Juni ni sawa na tano za kwingine, maana jua halitaki kwenda kulala. Linakausha pichi asubuhi, linaikausha jioni, linaikausha wewe ukiwa umeshavaa nguo za kulalia.

Na aliyeitwa timu ya taifa kwa mara ya kwanza alikuwa Zawadi wetu wa Norsborg, yule anayesomea uuguzi, mrushaji wa spini. Kwenye zulia Zawadi alikuwa wa kawaida. Mpira wake ulikuwa unapinda kipimo kilekile kila mara, na watu wote wa Stockholm walikuwa wamemkariri. Siku alipoujaribu udongo kwa mara ya kwanza, mpira uliuma ukaruka kando kama paka aliyekanyagwa mkia. Akabaki amesimama, mikono kichwani. "Babu! Den lever! Uko hai huu!" Kwa hiyo mjue kilichokuwa mezani. Udongo ukibaki, Zawadi ana kazi ya kufanya duniani. Zulia likirudi, anarudi kuwa wa kawaida, nami narudi kwenye balkoni yangu kutazama maegesho.

Basi wiki moja kabla ya mechi pichi ilikuwa nzuri kiasi cha kutisha. Nikaifunika kwa turubai, nikahesabu vigingi, nikavihesabu tena, nikaenda zangu Hallonbergen kula samaki wa siki na majirani. Ilikuwa mkesha wa Midsommar, sikukuu yao ya katikati ya kiangazi. Nani atafanya kazi siku hiyo katika nchi hii? Hata wezi wako mashambani.

Jumamosi asubuhi nikachukua treni ya bluu, nikabadilisha ya nyekundu, nikafika mwisho, nikatembea. Kwa mbali nikaona kitu cha kijani kimesimama uwanjani. Nikasema moyoni, mti huu jana haukuwepo.

Haukuwa mti. Ulikuwa mlingoti wa Midsommar, umevishwa majani na maua kutoka juu mpaka chini, na masongo mawili yananing'inia kama hereni. Umesimikwa juu ya pichi yangu. Na turubai yangu ilikuwa pembeni, imekunjwa vizuri kama shuka la hospitali, vigingi vimepangwa juu yake kwa mstari. Nikavihesabu mara mbili. Vilikuwepo vyote. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mhalifu anayekukunjia shuka utamshtaki kwa lipi?

Alikuwepo mama mmoja mzee anaokota vikombe vya karatasi, Gunnel, mwenyekiti wa chama cha mtaa. Akanipungia mkono kwa furaha.

"Hej, hej! Wewe ni wa kommun? Asanteni sana kwa kutuandalia!"

"Kuwaandalia nini?"

"Mahali! Kule tunakosimika kila mwaka pamejaa maji. Tukaona hapa: pakavu, pamesawazishwa, nyasi zimekatwa fupi, tena mmepafunika pasilowe. Mimi nikasema, safari hii kommun imefanya kazi!"

Nikatazama lile shimo. Hawakuchimba hata katikati. Walichimba karibu na upande mmoja wa vijiti, kwa sababu waya wa kipaza sauti cha mpiga kodiani uliishia hapo. Yaani palepale ambapo mpira wa spini unatakiwa kudunda. Uwanja mzima, ekari za nyasi, waya ukachagua pale.

Nilikuwa bado natafuta maneno ya Kiswidi yasiyo matusi nilipomsikia mtu nyuma yangu.

"Papa Rola! Mbona jana haukukuja? Tulicheza ile ngoma ya machura mpaka magoti inalia!"

Alikuwa Mama Zawadi, amefuata sufuria zake za sambusa. Mama huyu ni wa Bukavu, anaongoza kwaya ya akina mama kanisani kwao, na hakuna sherehe Norsborg inayofanyika bila yeye kuipika.

"Mama Zawadi," nikamwambia polepole, "nani kachimba hapa?"

"Ni mimi na bamama ba chorale. Huyu mama mzungu alikuwa anachimba kama anapanda maua. Nikamunyanganya ile chuma. Muti unapashwa kuingia muzuri, non? Kama hapana, unaangukia batoto."

"Umechimba sana?"

"Kabisa! Bien profond!"

"Mama Zawadi. Unajua hapa ni wapi?"

"Ni kwenye kiwanja."

"Hapa ndipo binti yako anarusha mpira Ijumaa."

Akanitazama. Akatazama shimo. Akaweka sufuria chini.

"Ile mupira yake anasemaka kila siku? Ya kushinda amevaa nyeupe?"

"Hiyohiyo."

"Seigneur," akasema, akaketi juu ya turubai yangu. "Na mimi nikaimba."

Kuutoa mlingoti nako kulikuwa na maneno. Gunnel alinieleza kwa upole kwamba kwa desturi unakaa mpaka maua yakauke, na kuuondoa mapema kunahitaji kikao cha kamati, na nusu ya kamati iko visiwani. Nikaanza kumweleza kuhusu Testi na udongo. Akasikiliza kwa ile huruma ya Kiswidi, kichwa kimeinama upande. Ningeendelea hadi Agosti. Lakini nikaona macho yake yameenda kwenye rola yangu, yakarudi, yakaenda tena. Mtu akikitazama kitu chako mara ya pili, acha kueleza, anza kujadiliana.

"Rola hiyo," akasema, "inaweza kutembea kwenye changarawe?"

"Kwa nini?"

"Uwanja wetu wa boule, wa kurushia tufe za chuma. Una kibonde. Wanaume wanaokijua wanashinda kila Jumatano."

Hapo tukaelewana kama wafanyabiashara. Yeye alianza na kusawazisha kila mwezi. Mimi nikaanza na kutokusawazisha kabisa. Tukakutana kwenye mara moja sasa na mara moja kabla ya baridi, mlingoti unahamia karibu na kioski, na anawaambia kamati kwamba ni upepo. Tukapeana mikono. Nchi ina mikataba mibaya kuliko huo.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mngeharibu. Shimo kwenye pichi hulijazi. Shimo unalijenga. Ukimwaga udongo ndoo nzima na kukanyaga juu, siku ya mechi panabonyea, mpira unatua kama kwenye mto wa kulalia, halafu ule wa pili unagonga ukingo unampata mtu taya. Unanyoosha kuta za shimo ziwe wima. Unazikwaruza ili udongo mpya upate pa kushika. Unaweka tabaka jembamba, lenye unyevu wa kubanika kiganjani bila kuacha maji. Unalishindilia. Unalikwaruza tena. Unaweka lingine. Na lile la juu unaliacha limeinuka kidogo tu, rola ndiyo ilimalize.

Udongo wa akiba nilikuwa nao, kwenye ndoo, kwenye balkoni yangu Hallonbergen, ambako jirani yangu ameshawahi kuniuliza kama nazika mtu. Mama Zawadi hakusubiri kuombwa. Akampigia Zawadi simu, wakaja kwangu, tukabeba ndoo kwenye treni. Mama alijitwisha yake kichwani, kitambaa cha kanisa chini yake, akasimama wima katikati ya behewa. Watu wa Stockholm wakatazama simu zao kwa bidii kubwa. Zawadi alikuwa ananong'ona, "Mamma, snälla, iweke chini," na mama anamjibu kwa sauti ya kwaya, "Uko na honte, uko na haya na mama yako? Mimi njo nilichimba, mimi njo nitafukia!"

Tukajenga lile shimo. Mama Zawadi alishindilia kwa ncha ya ule mtaimbo aliomnyang'anya Gunnel, na nikiri, sijapata kuona mshindiliaji kama yeye. Nilipochomeka ufunguo wangu baada ya siku mbili, pichi yote iliupokea kwa kinyongo, kama inavyotakiwa. Kiraka kiliukataa kabisa. Kilikuwa kigumu kuliko pichi yenyewe.

Ijumaa asubuhi, kabla ya sarafu, nikawaita manahodha wote wawili. Nikawaonyesha. "Hapa palikuwa na mlingoti," nikasema. Nahodha wa wageni akanitaka nirudie. Nikarudia. "Mpira ukigonga hapa utakwenda moja kwa moja, hautapinda. Kandokando utapinda kama kawaida. Ni hivyo kwa wote wawili." Wakainama, wakapagonga kwa vidole, wakatazamana. Mgeni akasema, "Basi ni hivyo kwa wote." Nikakabidhi, nikafunga mdomo, nikaenda kwenye chai.

Wetu walishinda sarafu, wakapiga kwanza. Asubuhi ile mpira ulichepuka kama nilivyotarajia, wakatoka watatu haraka, na mashabiki wetu wakageuka kunitazama mimi. Alasiri pichi ikatulia, wakatengeneza mikimbio mizuri, hakuna aliyenitazama. Jumamosi wageni wakapiga juu ya pichi iliyolala kama meza. Warushaji wetu walitoka jasho bure na kocha wetu akapita karibu nami akisema kwa sauti, "Pichi imekufa." Mnaona? Ijumaa ni hatari, Jumamosi imekufa. Mtu wa uwanja hana siku yake. Hakuna mpigaji aliyewahi kufikisha mikimbio mia moja akaja kuishukuru rola.

Kila timu hupiga mara mbili; wetu walipiga zamu yao ya pili jioni ileile ndefu, na Jumapili wageni walikuwa wanapiga mara ya mwisho. Ili tushinde ilibidi wote watolewe kabla ya siku kwisha. Nyufa zilikuwa zimefunguka, viatu vya warushaji vimechimba, na Zawadi akapewa mpira. Siku ndiyo hiyo. Udongo huo.

Akarusha. Mpira ukagonga kiraka, ukanyooka, ukarudishwa. Akarusha tena. Kiraka. Ukanyooka. Asubuhi nzima binti yule alikipiga kiraka kama anapigilia msumari, na mpira haukupinda hata upana wa kidole, na wale wapigaji wakawa wanaupokea kama barua waliyokuwa wanaingoja. Mimi nilikuwa pembeni natafuna kijiko cha plastiki. Nilishawaambia! Manahodha wote wawili! Kwa lugha tatu!

Chakula cha mchana Zawadi akaja mbio. "Babu, kiraka chako kimelala."

"Nimekitengeneza kilale. Nahodha wako hakukwambia?"

"Aliniambia. Lakini mama alisema..."

"Nilisema lenga kwenye shimo!" Mama Zawadi akadakia kutoka kwenye sambusa. "Mahali kulikuwa shimo, si ni paregevu?"

"Mama, ulishindilia mwenyewe!" Zawadi akamwambia.

"Eh. Nilishindilia muzuri sana," akakubali, kwa huzuni kidogo.

Nikageukia kahawa yangu. Mengine hayakuwa yangu kuyasema.

Baada ya chakula Zawadi akahamia kando ya kiraka, kwenye ule udongo uliochakaa. Mpira wa kwanza ulipinda mpaka mpigaji akacheka kwa mshangao. Wa nne ukaangusha vijiti vyake. Wakaanza kutoka. Halafu mmoja ukagonga alama ya kiatu, ukapanda ghafla, ukampata mpigaji begani. Waamuzi wakasogeleana, wakaongea, wakaenda moja kwa moja wakainama juu ya kiraka. Si mahali mpira ulipogonga! Kiraka tu! Kwa kuwa kila mtu alishasikia habari ya mlingoti, kila mtu alikuwa na hakika.

Annika alikuwa amesimama karibu na kamba ya mpaka wa uwanja, mikono mifukoni. Mwamuzi mmoja akaweka kidole gumba kwenye kiraka, akakandamiza, akaweka kisigino, akakandamiza tena. Mama Zawadi akaacha kutafuna. Yule mwamuzi akatazama alama ya kiatu, akainuka, akajipangusa mkono, akaonyesha mchezo uendelee. Alama za viatu ni za wachezaji. Hazina mlalamikaji.

Ikafika jioni, amebaki mpigaji mmoja wa mwisho na mwenzake, na huyu aliyekuwa anapiga alikuwa mjanja. Alishausoma mpira wa Zawadi. Kila ukija, anaupelekea gongo kule utakakopindia, anausukuma, anapumua. Mpira baada ya mpira, vivyo hivyo. Jua liko pale, halitaki kushuka, lakini waamuzi wameshaanza kutazama saa zao.

Zawadi akaja na hatua zake zilezile, mkono uleule, vidole vilevile. Nikaona mpira unakoelekea. Kiraka.

Mpigaji akapeleka gongo kule mpira ulikokuwa unapindia tangu mchana. Mpira haukupinda. Ulinyooka kama kisu, ukapita kati ya gongo na mguu, na kile kijiti cha katikati kikalala chali.

Zawadi alipoanza kurukaruka na wenzake, Mama Zawadi alikuwa ameshavuka kamba na mwiko mkononi. "Ni shimo yangu! Bo bote mumeona? Ni shimo yangu!"

Junior, ukimwona tena mtu anatolewa na mpira ulionyooka, usiseme pichi haina kitu. Uliza mipira iliyotangulia ilifanya nini.

Nilisubiri watu waishe, nikaenda na reki yangu na ndoo kuziba alama za viatu, maana kesho yake ni Jumatatu na udongo haujui kwamba umeshinda. Annika akanifuata. Akasimama pembeni ya pichi, akaniambia kwamba zege halitaagizwa na udongo utabaki, na kwamba mwakani atanipa mtu wa kujifunza, ili wanaoelewa wawe wawili. Nikasema nataka watatu. Akasema wawili. Nikanuna.

Alikuwa amevaa viatu vyenye kisigino chembamba. Akazitazama nyufa, akakitazama kiraka. Halafu akaniuliza kitu ambacho katika miaka yangu yote ya Stockholm hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

"Naruhusiwa kukanyaga?"

"Hapana," nikamwambia.